Tumealikwa kwenye tamasha la bluegrass

SWALI: Ndugu Mhariri, mji mdogo wa Kentucky ninakoishi na familia yangu unaadhimisha kuanzishwa kwake kwa tamasha la muziki wa bluegrass katika bustani ya mji, na jirani zetu wametualika. Ni muziki wa namna gani, na tujiandae vipi?
Msomaji, Marekani

JIBU: Ndugu msomaji, mko penyewe hasa, kwa kuwa Bill Monroe, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki huo, alizaliwa Rosine, Kentucky, mwaka 1911, na muziki ukapata jina kutokana na bendi yake, Blue Grass Boys. Ulikomaa baada ya Earl Scruggs kujiunga nayo mwishoni mwa 1945, akiipiga banjo, ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo, kwa vidole vitatu kwa kasi ya kustaajabisha. Kwa kawaida hakuna ngoma: mdundo hubebwa na besi kubwa ya nyuzi pamoja na mandolini, ala ndogo ya nyuzi, huku fidla, gitaa na banjo zikipokezana uongozi, na kila mpigaji anapomaliza zamu yake hadhira humpigia makofi papo hapo, bila kusubiri wimbo uishe. Waelezeni watoto kwamba banjo ina asili ya Kiafrika, kwani iliundwa na Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Jambo hilo, kwa maoni yangu, halisemwi vya kutosha majukwaani.

Chukueni viti vya kukunja, maji na kofia, na msiketi mbele ya waliotandika mablanketi chini, maana mtawaziba.