Shinikizo Likiwa Zuri, Bado Bonyeza Kidole

Muuguzi wa wodi ya mahututi huko Iringa ameniandikia kuhusu mgonjwa wa kwenye mashine ya ekmo, ile inayosukuma damu na kuitia oksijeni pale moyo na mapafu vinaposhindwa. Shinikizo la wastani la damu ni 70, pampu inatoa lita 4 kwa dakika, lakini mkojo umepungua na laktati, asidi inayojaa damuni tishu zikikosa oksijeni, inapanda. Anauliza tatizo liko wapi.

Mara nyingi liko kwenye kapilari, mishipa myembamba ambamo seli nyekundu hupita moja moja. Shinikizo hupimwa kwenye mshipa mkubwa, nalo halikuambii kama damu imefika mwisho wa safari. Kamera ndogo ya chini ya ulimi huonyesha kapilari moja ikipitisha damu kwa kasi huku ya jirani yake imesimama kabisa. Kamera hiyo ni adimu hata nchi tajiri. Kidole unacho.

Chukua kipande cha kioo cha maabara, kile cha hadubini. Kandamiza upande wa ndani wa ncha ya kidole cha shahada cha kulia hadi ngozi ipauke, shikilia sekunde 10, achia, kisha hesabu kwa saa mpaka rangi irudi. Zaidi ya sekunde 3 si kawaida. Usikadirie kwa macho, na usibonyeze sekunde 2 ukaita kipimo. Utafiti wa ANDROMEDA-SHOCK wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 424 wa mshtuko wa maambukizi (maambukizi makali yaliyoangusha mzunguko wa damu) katika nchi 5 za Amerika ya Kusini, ulilinganisha tiba inayoongozwa na kidole na ile inayoongozwa na laktati: vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 34.9 dhidi ya 43.4. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kuwa uthibitisho, lakini kidole hakikuzidiwa na maabara.

Kwetu nyanda za juu kuna mtego. Usiku wa Juni na Julai Mbeya ni baridi kali, na mkono wa baridi huchelewesha rangi hata kwa mtu mzima wa afya. Funika mkono kwa blanketi kwanza, kisha pima. Mabaka ya kuzunguka goti yanayosifiwa vitabuni kama dalili ya damu kutofika huonekana kwa shida kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo gusa goti kwa mgongo wa mkono wako, ulinganishe na paja.

Sasa makosa. Kuongeza noradrenalini, dawa ya kupandisha shinikizo, kupita kiasi hupandisha namba kwa kubana mishipa ileile unayotaka ifunguke. Kumimina dripu bila kipimo huvimbisha tishu, na oksijeni inapata njia ndefu zaidi kufikia seli. Baya zaidi ni kuzungusha pampu kwa kasi wakati damu inayorudi haitoshi: mpira wa kunyonya damu kutoka kwa mgonjwa unaanza kutikisika, seli nyekundu zinapasuka, na hemoglobini iliyomwagika inafyonza nitriki oksaidi inayolegeza mishipa midogo. Ukiona mpira unatikisika au mkojo umekuwa rangi ya chai, punguza kasi na utafute kwa nini damu hairudi. Kuongeza kasi hapo ni kumuumiza mgonjwa, hata kama daktari wa zamu ana haraka.

Kanula ya ateri, yaani mrija unaorudisha damu mwilini, ikiwa kwenye kinena, mguu huo unaweza kunyimwa damu. Linganisha miguu yote miwili kila saa kwa joto na rangi. Kanula ndogo ya kupeleka damu chini ya mguu ndiyo kinga yake. Kipima oksijeni kikae mkono wa kulia, maana damu kutoka kwenye mapafu mabovu hujitokeza huko kwanza. Moyo ukiwa hausukumi kabisa, kipima hicho kinaweza kukosa pigo na kunyamaza, lakini kubonyeza kidole bado kunafanya kazi.

Wodi isiyo na ekmo itumie kipimo hikihiki kwa mama aliyetoka damu nyingi baada ya kujifungua au mgonjwa wa sepsisi, maambukizi makali yanayoharibu viungo. Rudia kila nusu saa hadi kikae sawa, kisha kila saa. Kwenye chati andika sekunde, kidole kipi, na kama mkono ulikuwa wa joto. Neno “nzuri” halitoshi. Ikivuka sekunde 3 mara mbili mfululizo na mkono umeshapata joto, mwite daktari kabla hujagusa noradrenalini wala kitufe cha pampu.