Misonobari ya Rondo: Kwa Nini Mbegu Hazioti na Miche Ni ya Manjano?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nyuma ya nyumba yetu huku Rondo, mkoani Lindi, kuna misonobari mitatu iliyopandwa na marehemu baba. Mwezi wa sita niliokota koni zilizoanguka, nikakung'uta mbegu zipatazo 200 na kuzisia kwenye viriba vyenye udongo wa shambani, samadi ya mbuzi na majivu. Imeota miche 17 tu, na ingawa naimwagilia asubuhi na jioni, imedumaa kwenye urefu wa kidole na kugeuka manjano. Nimekosea wapi?
Msomaji, Rondo

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na mbegu, kwa kuwa hapo ndipo jasho lako kubwa lilipopotelea. Koni huanza kufunguka ingali juu ya mti, na mbegu nzima, ambazo zina bawa jembamba, huchukuliwa na upepo. Zinazobaki zimenasa kwenye magamba ya kitakoni na ya nchani, nazo aghalabu ni makapi. Pasua moja kwa wembe: mbegu nzima imejaa kiini cheupe kama korosho iliyokomaa, ilhali ndani ya kapi hukuti kitu zaidi ya utando mkavu. Koni huchumwa mtini, pale kijani kinapogeuka kahawia na magamba yangali yamefumba, kisha huanikwa juu ya turubai mpaka zifunguke zenyewe.

Lakini hata ungeziwahi, miti mitatu ni michache mno. Msonobari huchavushwa na upepo, na mti usio na wenzake wa kutosha hupokea zaidi chavua yake wenyewe. Viini vingi vinavyotungwa hivyo hufa vichanga, na ganda hubaki tupu. Tena mahali nako kuna neno. Aina ya msonobari iitwayo Pinus patula, inayopandwa kwa wingi Sao Hill kule Mufindi, ni mti wa nyanda za juu zenye baridi. Kwa joto la huku kwetu hufaa zaidi Pinus caribaea, wenye asili ya Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, ila nao katika nchi za chini zilizo karibu na ikweta mara nyingi hunenepa vizuri na kuzaa mbegu haba. Ukitaka kupanda shamba, nunua mbegu kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ambao kitengo chao cha mbegu kiko Morogoro. Kilo moja ya caribaea ina mbegu zaidi ya 50,000, hivyo gramu chache zitakutosha.

Sasa miche. Msonobari hauwezi kukua ipasavyo bila kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuusaidia kufyonza fosforasi na maji. Udongo wa shamba la mihogo au mikorosho kwa kawaida hauna kuvu hao, na hapo mche hudumaa na kupauka hata ukiulisha mbolea. Dawa unayo nyumbani: fukua majani makavu chini ya misonobari ya baba yako, uchote udongo wa juu wenye nyuzinyuzi nyeupe, uchanganye sehemu moja kwa tisa za udongo wa viriba. Kwa miche 17 uliyonayo, tandaza udongo huo juu ya kiriba na uutie maji. Majivu uyaache kabisa, kwa sababu msonobari hupenda udongo wenye uchachu kidogo, nayo huuondoa uchachu huo; samadi mbichi nayo huunguza mizizi.

Punguza pia maji. Udongo ukishinda umelowa huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo, mche ukalala chini kwa usiku mmoja. Wakati mwingine sia kwenye mchanga safi chini ya kivuli chepesi cha makuti, kina kisichozidi sentimita moja, na uhamishie miche kwenye viriba ingali kama njiti ya kiberiti, ganda la mbegu likiwa bado kichwani. Ukisia mwezi wa sita au wa saba, kufikia Desemba mvua zinapokolea miche itakuwa na sentimita 20 hivi, tayari kwenda shambani.