Antioksidanti, vioksidishaji au viondoa sumu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kikundi chetu cha wakulima wa parachichi hapa Tukuyu kinaandaa kipeperushi cha Nane Nane, tutakigawa pale viwanja vya John Mwakangale. Katibu kaandika: "Parachichi lina viondoa sumu ambavyo huzuia saratani." Mjumbe mwingine anashikilia "vioksidishaji". Mimi nataka "antioksidanti", naambiwa hicho ni Kiingereza. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika lako.

"Vioksidishaji" ndiyo mbaya kuliko zote, maana inasema kinyume. Kiishio -ji humtaja mtenda: kioksidishaji ni kile kinachooksidisha, nanyi mnataka jina la kile kinachozuia oksidishaji. Pasua parachichi uliache mezani, baada ya muda nyama yake inageuka kahawia. Hiyo ni kazi ya oksijeni ikisaidiwa na kimeng'enya kilichomo ndani ya tunda. Kamulia ndimu, weusi unachelewa. Sehemu ya sifa hiyo ni ya uchachu wa ndimu, sehemu ni ya vitamini C, na hiyo vitamini C ndiyo antioksidanti.

"Viondoa sumu" inavutia wateja, lakini sumu mwilini huondolewa na ini na figo. Antioksidanti hupambana na radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazoweza kudhuru seli, ambazo nyingi mwili unazizalisha wenyewe unapotumia chakula, nyingine zikiletwa na vitu kama moshi wa sigara. Tena mnunuzi wa Mwanjelwa akisikia "kuondoa sumu" atakumbuka zile chupa za dawa zinazonadiwa kwa spika stendi. Sidhani mnataka kufananishwa nazo.

Anayetaka Kiswahili kitupu aandike "vizuia oksidishaji". Ni sahihi, ila nzito mdomoni. Antioksidanti imeingia kwa mlango uleule wa vitamini na antibayotiki, na sijasikia mtu akiyafukuza hayo.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi katika sentensi ya katibu ni kitenzi, ambacho hamkukiuliza. Hu- ya "huzuia" ni ya jambo la kila mara: jua huchomoza mashariki. Sayansi haijampa mtu ruhusa ya kuandika hivyo hapa. Wanaokula matunda na mboga kwa wingi huonekana kuwa na afya bora, kweli, lakini watafiti walipoitoa antioksidanti kwenye chakula na kuitia kwenye kidonge, mambo yaligeuka. Ufini waliwapa beta-karotini, antioksidanti inayoipa karoti rangi yake, wanaume wavuta sigara katika utafiti uliohusisha watu 29,133. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Marekani nako utafiti wa aina hiyo ulisimamishwa mapema, mwaka 1996, kwa sababu ya madhara yaleyale.

Kwa hiyo tumieni "-husishwa na", kitenzi kinachosema mambo mawili yameonekana pamoja bila kudai kwamba moja limesababisha jingine. Ningeandika: "Parachichi lina vitamini E na antioksidanti nyingine. Ulaji wa matunda na mboga umehusishwa na afya njema ya moyo."

Na upatanisho: antioksidanti hii, antioksidanti hizi, kama vitamini. "Hivi" iacheni kwa vizuia oksidishaji.