Bei ya chumba siyo utakayolipa: tulivyompeleka Baba nyumba ya wazee Perth

Wiki iliyopita dada mmoja wa Adelaide aliniandikia usiku wa manane. Mama yake amelazwa, madaktari wanasema hawezi tena kuishi peke yake, na nyumba ya wazee ya mtaani kwao imewatajia chumba cha dola 550,000. Aliuliza swali moja tu: "Dada, sisi tutauza nini?"

Hamuuzi kitu. Mama yake hana nyumba wala akiba, anaishi kwa pensheni ya uzee. Mtu wa hali hiyo, chumba analipiwa na serikali ya Australia. Yeye anatoa ada ya msingi ya kila siku, yaani asilimia 85 ya pensheni ya msingi ya mtu asiye na mwenza. Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2026 ilikuwa dola 65 na senti zake kwa siku, nayo hupanda kila Machi na Septemba. Hiyo ndiyo inayolipia chakula, kufuliwa, usafi na umeme. Bei ya 550,000 wameandikiwa wenye mali.

Nimeona niandike hapa, kwa sababu najua wengi wetu tuliokuja nchi hii tukiwa vijana sasa tuna wazazi wenye miaka themanini na kitu, na jambo hili tunalizungumza kwa kunong'ona kana kwamba ni aibu.

Baba yangu ni mtu wa Tanga. Alifika Perth mwaka 1991, akasafisha treni usiku, mchana akasoma, akanunua nyumba ya matofali yenye mwembe uani aliouotesha mwenyewe. Mama alipofariki alibaki humo peke yake na hakutaka kuhama. Mwaka jana alianza kusahau jiko likiwaka. Halafu akaanguka bafuni, akavunjika nyonga. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali alituita akasema waziwazi kwamba Baba anahitaji mtu wa kumwangalia saa ishirini na nne. Mimi nafanya kazi zamu ya usiku. Kaka yangu yuko Melbourne, mdogo wetu ana watoto wadogo watatu.

Maneno yaliyofuata hayajanitoka moyoni mpaka leo. Kwenye msiba wa jirani yetu, mama mmoja niliyemheshimu sana alisema mbele ya watu, "Siku hizi wazee wanatupwa kwa Wazungu." Sikumjibu. Nilikuwa nimemgeuza Baba kitandani usiku kucha. Wanaosema hivyo hawajawahi kumnyanyua mzee wa kilo tisini chooni saa tisa za usiku.

Turudi kwenye pesa. Kwanza alitathminiwa: unapiga My Aged Care, huduma ya serikali ya matunzo ya wazee, 1800 200 422, wanatuma mtu, na hulipi chochote. Kisha akapata kibali cha kuingia nyumba ya wazee. Tukatembelea nyumba kadhaa, moja ikatupendeza, chumba kina dirisha la kuelekea bustanini. Yule mama wa ofisini akatoa karatasi, akaizungushia kalamu nambari moja: 500,000. Akasema, "Wengi huuza nyumba ya mzee."

Kaka akasikia hivyo hivyo kwenye simu. Jioni ile ile akapiga: tuuze, tulipe, tumalize. Nilimwambia hatuuzi mpaka ije barua ya serikali inayosema Baba atalipa kiasi gani. Tulirushiana maneno. Baba alikuwa amekaa pale na mkongojo wake, tukidhani hasikii, akasema, "Nyumba yangu mnaiuza mimi nikiwa hai?" Kimya.

Na sikilizeni, hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Ile 500,000 ni amana, huko wanaiita RAD. Ukiitoa yote, hulipi kodi ya chumba, na mzee akiondoka au akifariki inarudishwa, ukitoa makato nitakayoyataja. Usipoitoa, unalipa kwa siku, yaani DAP, ambayo ni riba juu ya ile amana kwa kiwango kinachowekwa na serikali kila robo mwaka. Tuseme kiwango ni asilimia 7.5: kwa 500,000 ni dola 37,500 kwa mwaka, kama 103 kwa siku. Au unachanganya, nusu amana nusu ya kila siku. Uamuzi ni wa familia, na sheria inakupa siku 28 baada ya mzee kuingia. Hakuna ofisi inayoruhusiwa kukulazimisha kuchagua kabla hajahamia. Nilipowaambia hivyo kwa adabu, yule mama alibadilika sauti.

Tangu sheria mpya ilipoanza tarehe 1 Novemba 2025 kuna jambo jingine: kwa wanaoingia sasa, nyumba ya wazee inakata asilimia 2 ya amana kila mwaka, hadi miaka 5. Kwa hiyo anayekwambia "hela yote itarudi" anakupa habari za zamani. Kwa laki tano, mwaka wa kwanza pekee ni kama dola elfu kumi.

Sisi tulichanganya. Baba alikuwa na laki mbili kwenye mafao yake ya kazini, tukaziweka ziwe amana. Iliyobaki, laki tatu, tunalipa kila siku, kama dola 62 kwa hesabu ile ya asilimia 7.5. Nyumba tumeipangisha, na kodi yake inalipa hiyo. Kodi inahesabiwa kuwa kipato cha Baba, hivyo michango yake mingine imepanda kidogo, lakini mwembe wake bado uko pale na anajua uko pale. Najivunia uamuzi huo na sioni haya kusema. Miaka 2 ikipita nyumba itaanza kuhesabiwa kwenye pensheni yake, ndipo tutakapokaa tena na kaka.

Michango mingine ni ipi? Mwenye uwezo anachangia gharama za maisha ya kila siku, hadi dola 22 hivi kwa siku, na huduma zisizo za kitabibu kama kuogeshwa, hadi dola mia na kidogo kwa siku kwa mwenye mali nyingi. Huo wa pili una kikomo: ukishalipa zaidi kidogo ya dola 130,000, au miaka 4 ikitimia, unakoma. Uuguzi wenyewe unalipwa na serikali kwa kila mtu. Ili ujue zako ni ngapi, jazeni mapema fomu ya mali na kipato ya Services Australia, shirika la serikali linalosimamia pensheni, hata kabla hamjapata chumba. Msipoijaza wanaweza kumtoza mzee kama tajiri. Barua yetu ilipokuja tulikuta kwamba nyumba ya Baba haikuhesabiwa kwa bei ya soko, ilihesabiwa hadi kiwango cha zaidi kidogo ya laki mbili tu. Na kama mama angekuwa hai akiishi humo, isingehesabiwa kabisa.

Sasa niseme na ninyi wenye nyumba nyumbani Afrika. Mdogo wangu alisema, "Ile ya Tanga nani ataijua?" Fomu inauliza mali za nje ya nchi. Tuliiandika. Kuficha ni kumwekea mzee deni la kurudisha pensheni. Vilevile msikimbilie kugawana hela zake au kutuma zote kwenda kujengea: zawadi zinazozidi dola 10,000 kwa mwaka, au 30,000 kwa miaka 5, zinaendelea kuhesabiwa kama bado anazo kwa miaka 5. Ndugu zangu, tunajua kutumiana pesa. Tujue na hili.

Kama hamjawa tayari, ombeni mapumziko ya muda, yaani mzee akae nyumba ya wazee kwa muda mfupi kisha arudi. Mzee anapata hadi siku 63 kwa mwaka wa fedha, analipa ada ya msingi tu, bila amana. Baba alianza hivyo, ndiyo maana hakulia siku ya kuhamia. Na mzee asiyejua Kiingereza ana haki ya mkalimani wa Kiswahili, piga 131 450. Usimwachie mjukuu wa miaka kumi na miwili atafsiri mkataba.

La mwisho, lifanyeni wiki hii. Baba alisaini hati ya uwakilishi wa kudumu, yaani ya kumteua mtu wa kumsimamia mali yake, akiwa bado anakumbuka majina yetu wote, tena ni yeye aliyechagua niwe mimi. Akili ikishaondoka hawezi tena kusaini, na kwetu Perth baraza la kimahakama la jimbo ndilo linaloamua nani amsimamie mali yake. Toeni nakala zilizothibitishwa za kutosha, kwa sababu benki itataka yake na nyumba ya wazee itataka yake. Centrelink, wale wa pensheni, nao wana fomu yao wenyewe ya kumteua mwakilishi. Ijazeni siku hiyo hiyo.