Prado inachemsha giaboksi mlimani: kipoozeo kifungwe wapi?

SWALI: Mzee wa Gereji, salaam. Nina Prado ya 1997, dizeli ya 1KZ-TE, giaboksi otomatiki. Kazi yake ni kuvuta trela: napandisha saruji na mbolea mashambani juu ya Budadiri, nashusha kahawa hadi Mbale. Tangu mvua zianze, taa ya A/T OIL TEMP inawaka nikiwa katikati ya mlima. Nimenunua soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kipoozeo cha mafuta ya giaboksi, kimetoka kwenye gari lililokatwa. Fundi wangu anataka kukibana kwenye kondensa ya AC kwa zile nailoni za kufungia nyaya, atumie mpira wa dizeli, na mafuta yasipite tena kwenye rejeta. Nimwache aendelee?
Msomaji, Sironko

JIBU: Msimamishe, ndugu yangu. Kufunga kipoozeo ni wazo zuri, lakini anavyotaka kukifunga atakulaza mlimani. Na hicho ulichonunua, pole kwa pesa zako, mimi nisingekifunga kwenye gari la mteja. Hujui gari hilo lilikatwa kwa sababu gani. Kama giaboksi yake ilikufa, unga wa chuma na wa sahani za klachi umebaki kwenye vijia vya ndani, na hata ukisafisha kwa petroli na upepo wa kompresa huwezi kujua kama umetoka wote. Nunua kipya, cha sahani zilizopangwa.

Sasa joto lenyewe. Kwenye otomatiki, nguvu ya injini hupitia konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi, na ndani yake ni mafuta yanayosukuma mafuta. Ukipanda polepole na mzigo, injini inazunguka sana na magurudumu kidogo. Tofauti hiyo yote inageuka joto ndani ya ATF, yaani mafuta ya giaboksi otomatiki. Kiwandani waliweka kipoozeo kidogo ndani ya tangi la rejeta, mafuta yapozwe na maji. Lakini maji hayo nayo yanachemshwa na injini ileile, kwenye mlima uleule.

Hata hivyo usiiruke rejeta. Mafuta yatoke giaboksi, yapite kwenye rejeta, ndipo yaingie kwenye kipoozeo kipya, kisha yarudi. Kwa mwendo wako wa kutambaa upepo ni haba, na maji yanasaidia pale upepo unaposhindwa. Fundi wako ana hoja moja ya kweli, nayo ni umri wa rejeta. Kile kipoozeo cha ndani kikitoboka, maji na ATF vinachanganyika, mafuta yanageuka uji wa pinki, na gundi inayoshika bitana za klachi inaachia. Hapo giaboksi hushushwa. Kama rejeta yako ni ile iliyokuja na gari, badilisha rejeta kabla ya kununua kitu kingine chochote. Na kwa 1KZ utakuwa umeilinda silinda hedi pia. Wenye injini hizi wanajua inavyopasuka ikichemka.

Kujua bomba la kurudi ni rahisi. Asubuhi gari likiwa baridi kabisa, washa injini na ushike kwa vidole yale mabomba mawili ya chuma yanayoingia kwenye rejeta. Linaloanza kupata joto ndilo linalotoka giaboksi. Kipoozeo kinaingia kwenye lile lingine.

Zile nailoni zinapita katikati ya mapezi ya kondensa, na kwenye barabara zetu kipoozeo kitacheza hadi kiitoboe. Chukua vipande vya chuma bapa, vifungwe kwa bolti kwenye fremu inayoshika rejeta, weka washa za mpira, na uache nafasi ya sentimita moja au mbili mbele ya kondensa. Midomo iangalie juu au pembeni, hewa isinaswe ndani.

Mpira uwe wa mafuta ya giaboksi, ulioandikwa SAE J1532. Ule wa dizeli ukikaa kwenye ATF ya moto hukakamaa, halafu hupasuka, na pampu itamwaga mafuta yote njiani wewe ukisikiliza redio. Bomba la chuma likikatwa, ncha yake ivimbishwe kidogo ili mpira usiteleze. Klampu peke yake haitoshi. Mpira upite mbali na feni na ekzosi.

Baada ya kufunga, ongeza ATF kidogo kidogo. Gari liwe sehemu tambarare, mafuta ya moto, injini ikiunguruma. Pitisha gia zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe dipstiki na kusoma alama ya HOT. Prado za miaka hiyo hutumia ATF ya aina ya Dexron, lakini soma maandishi kwenye dipstiki yenyewe. Na kabla ya kazi hii yote, chomoa dipstiki unuse ATF iliyomo sasa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, usinunue kipoozeo, maana sahani zimeshaliwa na utakuwa unapoza maiti.

Kuna jambo hukuandika, nami nalishuku: feni. Ina klachi yake ya mafuta mazito, na kwenye magari ya umri huu huwa imechoka. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka kiulaini mara kadhaa, badilisha. Kwenye mlima wa Budadiri gari linatambaa, upepo wote unatoka kwa feni hiyo.

Na unapandaje? Nadhani unaacha lever kwenye D na transfa, ile giaboksi ndogo ya 4x4, kwenye H. Kwenye tope na trela weka transfa kwenye L kabla mlima haujaanza, zima overdraivu (gia ya juu kabisa), na usikanyage mafuta gari likiwa limekwama likizungusha matairi tu. Kila jioni ya tope, osha mapezi kwa maji ya msukumo mdogo; ule udongo mwekundu ukikauka hapo, kipoozeo hakipati upepo.

Taa ikiwaka tena, usizime injini kwa hofu. Egesha, weka vigingi nyuma ya matairi ya trela, tia P, acha injini iungurume ili pampu izungushe mafuta hadi taa izime. Ikiwaka tena hata bila trela, shusha sampo, yaani beseni la mafuta chini ya giaboksi, uangalie kilicholala chini.