PC uliyoiunga mwenyewe inaganda ovyo? Anza na ramu

Mkuu, umesema PC uliyoiunga mwenyewe inaganda tu ghafla, mausi haisogei, sauti inakwama inafanya zzzzz mpaka uzime kwa batani, na ushapiga Windows upya mara mbili bila bila. Basi achana na Windows, hapo kuna kifaa kinazingua.

Mi ningeanza na ramu, ile memori ya muda ya kompyuta. Ingia BIOS, ile menyu ya setingi kabla Windows haijawaka, kama uliwasha XMP (setingi ya kuiongezea ramu spidi) izime, ramu irudi spidi yake ya kawaida, tumia siku mbili tatu uone, ikitulia mchawi umeshampata. Isipotulia weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi uiache usiku kucha, na ukiona hata erori moja usijidanganye, pima kijiti kimoja kimoja cha ramu, maana kibovu chaweza kuwa kimoja tu au ni sloti yenyewe, pale kinapochomekwa.

Yangu ilinitesa mwezi mzima, nimebadili feni, nimepaka upya pesti ya kupitisha joto la prosesa, kumbe kijiti cha ramu hakijaingia vizuri, klipu ya upande mmoja haijabana, nilipokandamiza ikalia tk! Nilicheka kwa hasira.

Joto nalo cheki, prosesa ikigonga nyuzi 95 wakati hufanyi kazi nzito, fungua uone kama ulibandua ile plastiki chini ya hitsinki, kile chuma cha kupoza prosesa, watu wanaisahau sana. Pawa saplai mbovu mara nyingi inazima mashine kabisa au inairestati, kwa hiyo iache ya mwisho. Ila kama inaganda sekunde kadhaa halafu inarudi yenyewe, shuku SSD, diski inayohifadhi mafaili, na hamisha mafaili yako leo leo.