Jibu: Mchuzi mkali wa Kihindi Kisumu, na kwa nini Eldoret ni "Sisibo"

Ndugu, karibu Kisumu. Umeuliza utapataje mchuzi wa Kihindi ulio mkali kweli hapa, na kwa nini babu yako huiita Eldoret "Sisibo". Hoteli za Wahindi ziko kadhaa mjini, ila wapishi wengi wakimwona mgeni hupunguza pilipili. Mwambie mhudumu mapema kwamba unataka ukali wanaokula wenyewe, na pilipili mbichi ya kukatwa iletwe pembeni. Mchuzi ukifika, utazame kabla ya kumega chapati: mafuta mekundu yawe yamejitenga juu, kitunguu kiwe kimeyeyuka kabisa. Ukiona vipande vya kitunguu vyeupe vinaelea, jua masala hayakukaangwa yakaiva. Hapo hata pilipili kilo nzima haisaidii. Mimi ningeagiza samaki badala ya kuku. Ziwa liko hapa hapa, na mbuta (sangara) havunjikivunjiki kwenye mchuzi mzito.

Kuhusu babu yako kuiita Eldoret "Sisibo", hajakosea hata kidogo. Mji ulianzia kwenye shamba la walowezi namba 64, watu wakauita kwa namba hiyo, "sixty-four" kwa Kiingereza, ikatamkwa "Sisibo", na jina la Eldoret likaja 1912. Mji wa Webuye nao zamani uliitwa Broderick Falls. Hata hapa, reli ilipofika ziwani Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Nafurahi sana kwamba Kisumu ndilo lililobaki.

Ukitaka kujipikia, nunua viungo vizima sokoni Jubilee, uvikaange bila mafuta, ndipo usage.